Sala ya Kuazima

Bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Mama Sare alilisikia akiwa bado kitandani, akajua leo tena maji hakuna. Alibaki amelala akisikiliza, kama mtu anayengoja kitu kingine kifuate.

Zamani kikohozi kile kilifuatwa na ndala za Bibi Chuo zikiburuzwa ukumbini, kisha sauti yake ikiligombeza bomba: "Na wewe leo umenuna nini?" Katika nyumba ile ya wapangaji, Bibi Chuo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka, kwa kuwa alihitaji maji ya kutawadha kabla ya sala ya alfajiri. Maji yakitoka alijaza ndoo yake, kisha akajaza na ya jirani yake, akaiacha mlangoni kwa Mama Sare imefunikwa sahani. Hakuwahi kuombwa, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mpaka alfajiri moja kiharusi kikamwangusha palepale bombani, na ndoo yake ikabingirika mpaka ukutani.

Mama Sare aliinuka. Kwenye dumu palikuwa na maji kidogo. Akayagawa, haya ya chai, haya ya uso. Mkate ulikuwa umepanda bei na kupungua kimo, kama mtu anayezeeka vibaya. Kabla ya kutoka aliketi ukingoni mwa kitanda, akafumba macho, akainamisha kichwa kifuani, akaomba kama alivyofundishwa na mama yake. Aliomba siku ipite salama. Akamtaja Bibi Chuo. Akaomba pia apewe kichwa chepesi, maana leo alikuwa na somo.

Watu walimwita Mama Sare kwa sababu alishona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitambaa. Bibi Chuo naye aliitwa hivyo kwa sababu alifundisha watoto kusoma kitabu cha dini yake, katika chumba chake hichohicho, mpaka magoti yalipokataa kukaa chini. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikuwa wamepita mbele yake. Alikuwa na fimbo, lakini ilikuwa ya kuonyeshea herufi tu. Aliyekosea alitazamwa, na kutazamwa kulitosha.

Sasa amelazwa hospitali, mdomo wake umepinda, mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoroka. Akitaka maji, anasema "kiti". Akitaka kugeuzwa, anasema "Alhamisi", halafu anajisikia, anafumba mdomo kwa hasira. Hayo aliyavumilia. Ambalo hakuweza kuvumilia ni sura ile fupi ya kwanza ya kitabu chake, ambayo bila hiyo hakuna sala inayosimama. Haikuja. Aliitafuta mchana, akaitafuta usiku, na jana Mama Sare alimkuta akilia kimyakimya, machozi yakiingia sikioni.

"Haijafutika," muuguzi alisema jana, huku akibadilisha dripu ya mgonjwa mwingine. "Mambo ya kukariri tangu utotoni hukaa mahali pake. Mlango tu ndio umekwama. Apate mtu wa kuketi mbele yake, uso kwa uso, amtangulizie neno mojamoja, taratibu, auone mdomo unavyokwenda. Ningekaa naye mimi, lakini hebu itazame wodi."

Mama Sare aliitazama. Kati ya kitanda na kitanda palikuwa na godoro, na juu ya godoro palikuwa na mtu.

"Wanafunzi wake si wanakuja?" muuguzi aliuliza. "Wale wenye ndevu?"

Walikuwa wanakuja. Lakini kila walipofika Bibi Chuo alivuta mtandio kwa mkono wake mzima akajifunika uso, mpaka waondoke. Aliwasahihisha wale herufi kwa herufi; hakutaka wamsikie akikwama kwenye somo la siku ya kwanza. Hata kwa wanawake wenzake wa msikitini alijifunika. Kwa Mama Sare tu ndipo uso ulibaki wazi. Mbele ya Mama Sare hakuwa mwalimu wa mtu. Alikuwa jirani.

"Basi ni mimi," Mama Sare alisema.

Muuguzi akautazama msalaba mdogo shingoni mwake. "Mama, lakini wewe si..."

"Mimi si. Nitajifunza."

* * *

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Kwenye baraza ya duka, sketi zilizokatwa zilirundikwa mpaka zikamzidi Mama Sare kimo akiwa ameketi. Uzi ulikuwa umepanda bei tena, kwa hiyo Tajiri, mwenye duka, aliagiza pindo zishonwe mstari mmoja badala ya miwili.

"Zitafumuka kabla ya likizo," Mama Sare alisema.

"Zikifumuka wataleta tena," Tajiri akajibu, akarudi kaunta.

Jua lilipopanda na wateja kupungua, Mama Sare alivuka barabara. Upande wa pili, chini ya ngazi za jengo la maofisi, fundi viatu alikuwa ameketi juu ya sanduku lake na misumari mdomoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini mtaa mzima ulijua kuwa Bibi Chuo ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja chuoni."

Fundi alitoa misumari mdomoni, mmojammoja. "Chuoni wapi?"

Mama Sare akamweleza. Fundi alisikiliza akiwa ameinamia soli, nyundo imetulia. Mama Sare alipomaliza, fundi aliiweka nyundo chini.

"Mimi nilikwenda Ijumaa," alisema. "Akajifunika. Nikakaa naongea na mtandio."

"Hajakuchukia."

"Najua. Ananionea haya. Mimi! Mimi niliyelia mwezi mzima kwa herufi moja." Alijifuta pua kwa mkono wenye gundi. "Haya, kaa hapo, mama. Kaa kwenye kandambili hizo, mwenyewe haji leo."

"Kwanza nikuulize kitu, usinicheke. Nikiyasema hayo maneno, sitakuwa nimesilimu bila kujua?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Dini si mafua, mama, kwamba utaambukizwa kwa kukaa karibu. Kusilimu kuna nia yake na maneno yake. Wewe umembebea tu jirani mzigo. Umewahi kumbebea mtu gunia la mkaa, ukafika ukaliona limekuwa lako?"

"Na Mungu wangu hataninunia?"

"Hayo ni yenu wawili. Ila nadhani leo ana shughuli nyingine."

Wakaanza. Kwa kawaida, Mama Sare alishika jambo kwa kuliimba; miaka yote kanisani alikuwa sauti ya pili. Neno la kwanza akalitoa kwa utamu, mkia wake ukipanda juu.

"Hapana, hapana. Hapa hakuna kwaya, mama. Liseme tu, lisimame kwa miguu yake."

Akalisema. Fundi akamrekebisha koo, akamrekebisha ulimi, akamwambia herufi hii inatoka chini zaidi, kama mtu anayepuliza moto. Wapita njia waligeuka. Kijana mmoja mwenye shati la ofisini alisimama, akamtazama mama wa msalaba anayepuliza moto mbele ya fundi viatu, akaendelea na safari yake akitikisa kichwa.

"Na maana yake?" Mama Sare aliuliza.

"Nilikuwa nafika hapo. Bibi hakuturuhusu kusema neno tusilolijua. Alisema usimpelekee Mungu bahasha usiyojua ina nini ndani." Fundi alinyoosha vidole vyeusi. "Tunaanza kwa jina lake. Halafu tunamsifu. Halafu tunataja huruma yake, tunaitaja tena, maana watu tunasahau upesi. Halafu tunakiri kwamba siku ile ya mwisho ni yake, hakuna mkubwa mwingine."

"Hata kwetu ni hivyohivyo," Mama Sare alisema polepole. "Sifa kwanza. Shida baadaye."

"Ehee. Nusu ya kwanza ni yake, nusu ya pili ni yetu sisi wenye shida. Sasa hapo katikati tunageuka, tunamwambia yeye mwenyewe..."

Filimbi ililia kutoka upande wa soko. Muuza soksi alipita mbio, bidhaa zake zimefungwa ndani ya shuka. "Wanakuja! Wanakuja!"

Fundi alikuwa na viatu saba vya watu mbele yake na miguu ya mzee. Hakufika mbali. Askari wa manispaa waliruka kutoka kwenye gari, mmoja akashika sanduku.

"Mzee, umeambiwa mara ngapi hapa si mahali pa biashara?"

"Mkubwa, namalizia tu. Huyu mama namfundisha..."

"Unamfundisha nini? Kushona viatu?"

"Sala," Mama Sare akasema.

Askari akamtazama, akautazama msalaba wake, akamtazama fundi na kofia yake. Alikuwa kijana, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu ambaye angependa kuuliza zaidi. Kisha mwenzake akamwita kutoka garini.

"Mtasalia ofisini," alisema, akalibeba sanduku. Nyundo, kalibu ya viatu na gundi vikaenda. Viatu vya wateja vikaondoka na gari, kimoja tu kikabaki kwenye lami. Fundi alikimbia nyuma ya gari akiwa ameshika soli mkononi, kisha akageuza kichwa.

"Mama! Hiyo nusu irudierudie, usiiache ipoe! Hiyo nyingine nita..."

Gari likapiga kona, naye akapiga kona.

Mama Sare aliokota kile kiatu kilichobaki, akakipangusa vumbi kwa gauni lake, akakihifadhi chini ya cherehani.

* * *

Alishona huku akirudia. Alipokanyaga cherehani neno lilikwenda, alipoachia lilirudi. Nusu ilimkaa vizuri. Kila alipofika mwisho wake, mguu ulisimama na sindano ikasimama, kwa kuwa mbele hapakuwa na kitu.

"Huo wimbo gani, Mama Sare? Kwaya yetu haina huo."

Alikuwa Mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwake, amekuja kuchukua sare ya mjukuu. Alisimama na mkoba kwapani, masikio yamesimama kuliko yeye mwenyewe.

"Si wimbo."

"Najua si wimbo. Neno hilo jirani yangu hulisema kila akinyoosha mkono kwenye sahani." Akasogea karibu. "Umeanza chuo uzeeni, dada yangu?"

"Ni la mgonjwa. Nampelekea."

"Si wapo wenyewe wa kumpelekea? Leo neno, kesho sijui nini. Mchungaji akisikia?"

Mama Sare alikata uzi kwa meno. Alikuwa amechoka, na siku ilikuwa bado ndefu. "Akisikia, Jumapili atanisalimia au hatanisalimia. Nitakaa kwenye benchi langu vilevile." Akaikunjua sketi, akaikunja tena. "Unakumbuka nilipofiwa na mume wangu?"

"Nakumbuka."

"Mlikuja, mkaimba, mkaleta sukari, Mungu awabariki. Mlipoondoka, mimi na Mungu hatukusemezana. Nilikuwa nimemkasirikia. Yule bibi alijua, maana ukuta wetu ni ubao tu, alisikia kwamba upande wangu hakuna maombi. Alfajiri moja akagonga ukuta. 'Mwenzangu, mimi nimemaliza. Zamu yako.' Nikanyamaza. Kesho yake akagonga tena. Zamu yako. Kila siku, mwenzangu, kila siku! Hakuniambia nisali sala yake. Zamu yangu, yangu mimi. Mwisho nikaanza kusali ili aniache nilale."

Mwenyekiti hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka puani. Akachukua sare, akaikagua pindo, akaona mstari mmoja, akafungua mdomo kulalamika, akaufunga. Alipiga hatua mbili kuondoka. Kisha akarudi, akatoa mche wa sabuni mkobani, mpya, bado kwenye karatasi yake.

"Hospitali hawatoi sabuni siku hizi. Mpelekee. Usimwambie imetoka kwangu."

"Nimwambie imetoka kwa nani?"

"Mwambie umeokota," Mwenyekiti alisema, akaenda zake.

Saa ya kuona wagonjwa ilipokaribia, Mama Sare aliomba ruhusa.

"Wiki ya kufungua shule ndiyo watu wanaugua!" Tajiri alisema kutoka kaunta.

"Hakuugua leo, Tajiri."

"Ukirudi ukamkuta mtu kwenye hiyo mashine, usiniulize."

Mama Sare aliitazama ile mashine. Kanyagio lake lilikuwa limechimbika kwa umbo la unyayo wake. Akaifunika kwa kitambaa, akaisukuma ukutani, akaenda kwa miguu, kwa sababu nauli nayo ilikuwa imepanda tangu Jumatatu.

* * *

Mlango wa wodi ya wanawake ulikuwa na bawabu, na leo bawabu alikuwa na kopo la gundi na brashi. Alikuwa akibandika tangazo. Lilikuwa limekaa upande, akalibandua, akalibandika tena, bado upande.

"Wewe nani wa mgonjwa, mama?"

"Jirani. Si unanijua? Nimekuja wiki nzima."

"Nakujua. Ndiyo maana nakuuliza." Akagonga tangazo kwa brashi. "Wodi imejaa mno. Wakubwa wameamua. Kuanzia kesho, ndugu wa damu tu, na kitambulisho kionyeshe jina la ukoo wa mgonjwa. Jirani si ndugu."

"Ndiye ninayemfulia nguo."

"Hata dobi anafua."

"Inaanza kesho, umesema. Leo bado."

"Leo nimeambiwa nianze kuzoea." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Macho yake yalikuwa mekundu. Huenda alikuwa amekesha zamu ya usiku, akaunganisha na ya mchana.

"Na wa dini?" Mama Sare aliuliza. "Mtu akitaka kusali?"

"Wa dini wanaruhusiwa. Waliosajiliwa. Wa kwao na wa kwenu. Si unawaona? Wanakuja pamoja mara moja kwa mwezi, wanasimama hapa mlangoni, wanaiombea wodi nzima, wanashikana mikono, wanapigwa picha."

"Wakishapigwa picha?"

"Wanakunywa soda kwa mkurugenzi." Bawabu akaweka brashi chini, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Mgonjwa wako ni yule Mwislamu wa dirishani. Wewe na huo msalaba, undugu huo nitauelezaje msimamizi akipita? Uchomeke ndani ya gauni. Jifunge mtandio kidogo. Sema binti yake. Mimi sijaona kitu."

Ilikuwa huruma, na Mama Sare aliijua kuwa ni huruma. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye mnyororo, ukakaa hapo.

"Mwanangu, nakwenda kumkumbusha mtu sala yake," alisema. "Nianze kwa kudanganya mlangoni?"

Bawabu alijikuna shingo. Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika. "Binti yake hasa yuko wapi?"

"Nchi za watu. Analea watoto wa wenyewe. Anapiga simu, anaongea, mama yake anasikiliza."

Bawabu akausukuma mlango kwa kiwiko. "Pita. Lakini kesho usije ukanitia aibu, mama. Kesho msimamizi atakuwa amesimama hapahapa, na mimi nina watoto."

* * *

Bibi Chuo alimwona tangu mlangoni. Nusu moja ya uso wake ilitabasamu, ile nyingine ilibaki kama ilivyo.

Mama Sare aliazima beseni kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, muuza mboga aliyevunjika mguu, akachota maji mwisho wa ukumbi. Alifungua sabuni. Akaushika mkono wa kushoto wa Bibi Chuo, ule mzima uliokuwa karibu, aanze nao. Bibi Chuo akauvuta. Akaushika tena, ukavutwa tena.

"Hutaki kuoshwa?"

Bibi Chuo alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu mkono wa kulia, ule uliolala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Ndio aliotaka uanze. Kulia kwanza. Hata ukiwa umekufa, zamu yake ni ya kwanza. Mama Sare akaelewa kwamba mwenzake alikuwa anataka kutawadha, si kuoga tu. Akaunyanyua mkono ule mzito, akauosha. Kisha wa kushoto. Bibi Chuo akamwelekeza kwa macho: mdomo, pua, uso, mikono mpaka kiwikoni, kichwa, masikio, miguu. Alipokosea mpangilio, alitazamwa, akarudia.

"Nimekwenda chuoni leo," Mama Sare akamwambia, akikausha miguu. "Mwalimu wangu ni mwanafunzi wako, fundi viatu. Usijifunike, hayupo. Niko mimi peke yangu, na mimi sijui kitu."

Akamwegemeza kwenye mto, akavuta stuli, akaketi mbele yake, magoti yakigusa kitanda. Akavuta pumzi, akayasema maneno taratibu, moja moja, kama alivyofundishwa. Akasubiri.



Akarudia. Alisikia pumzi ya Bibi Chuo ikija na kukwama, kisha mlio mdogo wa koo, kama wa mtu anayesukuma mlango uliovimba. Akarudia mara ya tatu. Ndipo akahisi kidole cha Bibi Chuo chini ya kidevu chake, kikimsukuma kichwa juu.

"Mama eeh," muuza mboga alisema kutoka kitanda cha pili. "Atauonaje mdomo wako, nawe umeufukia kifuani? Fungua macho!"

Mama Sare akafungua macho. Hakujua hata kwamba alikuwa ameyafumba. Aliambiwa jana uso kwa uso, akaelewa, akaketi uso kwa uso. Lakini lilipotajwa jina la Mungu, kichwa kiliinama chenyewe na macho yakafumba yenyewe, kama yalivyofanya tangu alipokuwa mtoto miguuni mwa mama yake.

Bibi Chuo alikuwa anacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja, na mate yakafuata. Mama Sare naye akacheka, akamfuta mate. Alikumbuka walivyowahi kubishana, wakichambua maharage kwenye baraza, Bibi Chuo akimchokoza: nyinyi mnafumba macho, mnamwogopa au mnasinzia? Naye alijibu: nyinyi mnayaacha wazi, hamumwamini atabaki palepale?

Sasa aliyaacha wazi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko koo na ulimi. Alikuwa hajawahi kumtazama mtu huku yeye mwenyewe akisali. Aliona kope zilizopukutika, duara la kijivu kuzunguka mboni, mdomo uliopinda ukitetemeka kumfuata. Akasema neno la kwanza. Mdomo wa Bibi Chuo ukalifuata, ukalikosa, ukalifuata tena.

"Bis..." alisema Bibi Chuo.

"Haya."

"Bismi..."

Na likatoka. La pili likaja nyuma yake. La tatu lilikwama. Mama Sare akalipuliza kama moto, nalo likawaka. Muuza mboga alijiinua kwa kiwiko, akatazama. Mgonjwa wa godoroni aliyekuwa akilia tangu asubuhi naye akanyamaza, au labda alichoka tu. Walikwenda hivyo, mmoja mbele hatua moja, mwenzake nyuma, kama watu wanaovuka maji usiku, mpaka pale katikati. Mpaka pale ambapo sifa zinakwisha na mtu anageuka kuomba.

Hapo Mama Sare akasimama.

Bibi Chuo alingoja, macho kwenye mdomo wake. Alinyanyua nyusi. *Enhe?*

"Ndiyo hapo nilipofika," Mama Sare alisema. "Tulikuwa hapohapo na fundi, wakaja askari, wakamchukulia sanduku. Sikuipata nyingine, mwenzangu. Nisamehe. Labda wewe uendelee mwenyewe. Jaribu. Nimekufikisha mlangoni."

Bibi Chuo alijaribu. Midomo iliachana, ikakutana. Koo lilipanda na kushuka. Nusu ile ya pili, ya wenye shida, ilikuwa humo ndani mahali fulani, wameijua maelfu ya watoto kupitia yeye, na haikutoka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Kitanda cha nne palikuwa na mgeni mwenye ushungi mweusi, akimlisha mama yake uji. "Nimwite yule dada?" Mama Sare alinong'ona. "Atakuwa anaijua yote. Aje amalizie."

Mkono wa kushoto ulikwenda mbio kwenye mtandio, ukaufunika uso mpaka machoni.

"Basi, basi. Simwiti. Fungua. Simwiti mtu."

Mtandio ukashuka taratibu. Wakaanza upya, ile nusu waliyokuwa nayo. Safari hii haikukwama popote. Wakaisema tena. Mara ya mwisho Bibi Chuo alitangulia yeye, na Mama Sare ndiye aliyefuata, na alipoitamka vibaya herufi ya puliza-moto alitazamwa, akaisema upya.

Kengele ililia. Bawabu alipita kati ya magodoro akisema, "Muda umekwisha, jamani, muda, muda," na alipofika kitanda cha dirishani hakusema. Alisimama kidogo akitazama nje, mikono nyuma, vidole vimekauka gundi. Kisha akasogea kitanda kingine.

Mama Sare alilirudisha beseni. Aliiweka sabuni ndani ya kabati, akakunja shuka pembeni, akakunjua, akakunja tena. Alikuwa na jambo la kusema. Alilipanga tangu mlangoni: kwamba kuna tangazo, kwamba jina lake la ukoo ni jingine, kwamba ataongea na muuguzi, ataongea na msimamizi, atamwomba binti aandike kitu kutoka huko aliko. Aliinama kulisema, akaona uso ule uliooshwa, nusu yake ikiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi ya kufanya, na jambo lile akaliacha.

"Pumzika," alisema. "Umesoma sana leo."

Bibi Chuo alimshika mkono. Alitafuta neno. Mama Sare alisubiri lije "kiti", lije "Alhamisi", naye yuko tayari kulielewa vyovyote litakavyokuja. Bawabu aliita tena kutoka mlangoni, bila kupaza sauti.

"Kesho," Bibi Chuo alisema, wazi kabisa. Akapumzika, akameza mate, akaendelea kutafuta, na mkono haukuachia. "Uje. Uje na... iliyobaki."